Maumivu ya kichwa yasiyokoma: Kinga ipo, mbona haimfikii mgonjwa wa Chewele?

JINA la Tana River huingia katika vichwa vya habari kwa sababu zinazojulikana: mto unapovunja kingo zake, mvua inapokosekana, au wakulima na wafugaji wanapofarakana kama ilivyotokea katika eneo la Delta mwaka 2012 na mapema mwaka 2013. Maradhi yasiyoua, yasiyoambukiza na yasiyoacha kovu hayana nafasi katika orodha hiyo.

Hata hivyo, bidhaa isiyokosekana katika maduka ya vijijini, iwe ni Chewele katika eneobunge la Bura au kwingineko kando ya barabara itokayo Garissa hadi Garsen, ni tembe za kutuliza maumivu. Huuzwa mbili mbili, bila cheti cha daktari, pamoja na sukari, majani ya chai na kiberiti. Anayezinunua mara moja kwa mwezi hana tatizo kubwa. Anayezinunua kila baada ya siku mbili, mwaka nenda mwaka rudi, ni mgonjwa ambaye hajapata tiba, na huenda hata hajui kwamba ipo.

Mambo mawili kuhusu mgonjwa huyo yamethibitishwa na sayansi kwa miaka mingi. La kwanza ni kwamba tembe anazomeza kwa wingi zinaweza kuwa ndizo zinazomletea maumivu ya kesho. La pili ni kwamba zipo dawa za bei nafuu zinazomezwa kila siku ili kichwa kisiume, badala ya kungoja kiume ndipo kitulizwe. Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini elimu hiyo, ambayo si siri wala si mpya, haijashuka hadi katika zahanati za kaunti kama Tana River.

Mzigo usiohesabiwa

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, takriban asilimia 40 ya watu wote ulimwenguni, yaani watu bilioni 3.1, walikuwa na matatizo ya maumivu ya kichwa mwaka 2021. Wengi wao huumwa mara moja moja na kupona. Lakini kundi lililo na kipandauso, ambalo hukadiriwa kuwa takriban mtu mmoja kati ya saba duniani, hupoteza siku nyingi za kazi, za masomo na za malezi. Wanawake huathirika mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, hasa katika umri wa kuzaa na kulea.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haya ni maradhi ya watu wa mijini na ya mataifa tajiri. Dhana hiyo haina msingi. Uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba nchini Zambia chini ya kampeni ya kimataifa dhidi ya maumivu ya kichwa, iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano na WHO, ulionyesha kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa na kipandauso, na kwamba takriban watu 7 katika kila 100 walikuwa na maumivu yaliyoelekea kusababishwa na wingi wa dawa zenyewe. Uchunguzi wa aina hiyo nchini Ethiopia ulipata viwango vilivyokaribiana na vya mataifa mengine ya ulimwengu. Nchini Tanzania, watafiti waliozunguka vijiji vya eneo la Haydom, kaskazini mwa nchi, walikuta viwango vya chini kuliko hivyo, ila waliwakuta wagonjwa, na wengi wao walikuwa wakulima wa kawaida.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River. Hata mtu akichukua kiwango cha chini kabisa kilichopatikana katika nchi jirani, bado atabaki na maelfu ya wakazi wanaoishi na ugonjwa huu. Maelfu hao hawaonekani katika takwimu za hospitali kwa sababu rahisi: hawaendi hospitalini. Huenda dukani, na duka halipeleki ripoti popote.

Si kila kichwa kiumacho ni kipandauso

Aina za maumivu ya kichwa ni nyingi, na tiba hutegemea aina. Yaliyo ya kawaida zaidi ni yale ya kukaza, ambayo mgonjwa huyaeleza kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu kuzunguka kichwa. Huweza kudumu kwa saa au siku, lakini mara nyingi mtu huendelea na shughuli zake.

Kipandauso ni jambo jingine. Maumivu hupiga kama mapigo ya moyo, aghalabu upande mmoja wa kichwa, huzidi mtu anapotembea au kuinama, na huandamana na kichefuchefu, kutapika na kuchukia mwanga au kelele. Yasipotibiwa, huchukua kuanzia saa 4 hadi saa 72. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na ishara machoni, kama vile vimulimuli au mistari inayometameta, muda mfupi kabla ya maumivu kuanza. Mkulima aliye katika mashamba ya unyunyiziaji ya Bura, chini ya jua la mchana lisilo na kivuli, akipatwa na hali hiyo hana budi kuacha jembe na kutafuta mahali penye giza. Mchungaji aliye malishoni hana hata giza la kutafuta.

Madaktari huyaita maumivu haya kuwa sugu pale mtu anapoumwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi 3. Mgonjwa wa namna hiyo ana siku nyingi za maumivu kuliko siku za afya. Kumwambia anywe maji, apumzike na anunue tembe mbili ni sawa na kumpa ndoo mtu ambaye paa lake lote linavuja.

Dawa inapogeuka ugonjwa

Hapa ndipo penye kitendawili kinachowashangaza wagonjwa wengi. Mtu anayetumia dawa za kawaida za kutuliza maumivu, kama parasetamoli, aspirini au ibuprofeni, siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi 3, amejiweka katika hatari ya kupata maumivu mapya yanayotokana na dawa hizo. Kwa tembe zinazochanganya dawa zaidi ya moja, zikiwemo zile zenye aspirini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja, kiwango cha hatari ni cha chini zaidi: siku 10 kwa mwezi.

Ubongo wa mtu mwenye kipandauso, ukizoeshwa kutulizwa kila siku, huwa mwepesi zaidi wa kuamsha maumivu dawa inapoisha mwilini. Mgonjwa huamka alfajiri kichwa kikimwanga, humeza tembe, hupata nafuu kwa saa chache, kisha mzunguko huanza upya. Kadiri anavyoongeza dawa ndivyo siku za maumivu zinavyoongezeka. Yeye huona kwamba ugonjwa umezidi ukali. Kumbe sehemu ya ugonjwa huo hutoka katika karatasi ya dawa aliyoiweka chini ya mto.

Njia ya kutoka katika mzunguko huo ni kupunguza au kuacha dawa hizo kwa usimamizi, na gharama yake lazima ielezwe wazi. Katika siku za kwanza, pengine hadi wiki mbili, maumivu huweza kuzidi kabla ya kupungua. Mgonjwa asiyeonywa mapema atarudi dukani siku ya tatu akiamini kwamba mganga amekosea.

Zipo hatari nyingine pia. Aspirini, ibuprofeni na jamii yake zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa na maji mwilini. Katika eneo lenye joto kali na uhaba wa maji safi kama Tana River, onyo hilo si la kupuuzwa.

Dawa iliyogunduliwa kwa bahati

Historia ya dawa za kinga ina mafunzo yake. Mwanasayansi wa Uingereza James Black na wenzake walivumbua propranololi katika miaka ya mapema ya 1960 kwa ajili ya magonjwa ya moyo, kazi iliyochangia kumpa Black Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka 1966, madaktari waliokuwa wakiichunguza dawa hiyo kwa wagonjwa wa maumivu ya moyo waligundua kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa na kipandauso alipata nafuu ya kichwa pia. Majaribio yaliyofuata yalithibitisha kwamba halikuwa jambo la sadfa tu. Tangu hapo, propranololi imekuwa nguzo ya kinga dhidi ya kipandauso, na WHO imeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu mahsusi kwa kazi hiyo.

Dawa ya pili ni amitriptilini, iliyotengenezwa awali kwa ajili ya huzuni kuu. Kwa kipandauso, na hata kwa maumivu sugu ya kukaza, hutolewa kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 10 au 25 usiku, kisha huongezwa polepole. Humfaa hasa mgonjwa asiyepata usingizi. Dawa zote mbili ni za zamani, haki miliki zake zilikwisha muda wake, na hutengenezwa na viwanda vingi kwa bei nafuu.

Kwa kawaida, kinga hufikiriwa mtu anapopoteza siku 4 au zaidi kwa mwezi kwa ajili ya kipandauso, au pale mashambulizi yanapokuwa machache lakini mazito kiasi cha kumlaza. Lengo lake si kufuta ugonjwa. Mafanikio yanayotarajiwa ni kupunguza siku za maumivu kwa nusu au zaidi, na matokeo hayo hayaonekani kwa wiki moja. Dawa huhitaji takriban miezi 2 hadi 3 katika kipimo kinachofaa kabla ya kuamuliwa kama imefaa au la. Ikifaa, huendelezwa kwa miezi kadhaa kisha hupunguzwa taratibu ili kuona kama mgonjwa anaweza kuiacha.

Upande wa pili wa dunia mambo yamesonga mbele sana. Mwezi Mei 2018, Marekani iliidhinisha erenumabu, sindano ya kwanza ya aina yake inayozuia mfumo wa protini inayohusika moja kwa moja na kipandauso. Nyingine zilifuata mwaka huohuo na baadaye. Sindano hizo zina madhara machache na huchomwa mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Lakini erenumabu ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola 6,900 kwa mwaka, na huhitaji kuhifadhiwa katika jokofu. Kwa mkazi wa Chewele, mjadala kuhusu sindano hizo ni mjadala wa watu wengine. Mjadala wake yeye ni kama atapata tembe iliyovumbuliwa zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Kinga hupima uimara wa huduma

Sababu ya kwanza ya kinga kutofika ni mazoea ya kutibu kila kichwa kiumacho kama malaria. Katika eneo la mto, mabwawa na mifereji, mazoea hayo yana chanzo chake, kwani malaria ni adui wa kweli. Lakini tangu mwaka 2010 WHO imesisitiza kwamba mgonjwa apimwe kwanza ndipo apewe dawa ya malaria. Kipimo kikionyesha hakuna vimelea na hakuna homa, kazi ya tabibu haijaisha. Ndiyo kwanza inaanza. Mgonjwa anayerudi mara sita kwa mwaka na kichwa kilekile, kila mara akiondoka na dawa za malaria, anapaswa kuulizwa maswali ambayo hayahitaji mashine: kichwa kinauma siku ngapi kwa mwezi, kinauma vipi, na umemeza tembe ngapi.

Maswali hayo hayaulizwi kwa sababu hayafundishwi vya kutosha. WHO imewahi kueleza kwamba, kwa wastani wa dunia, mafunzo ya udaktari hutenga saa 4 pekee kwa somo la maumivu ya kichwa. Nchini Kenya, madaktari bingwa wa mfumo wa neva ni wachache mno na wamekusanyika Nairobi na miji mingine mikubwa. Kumngoja bingwa afike Bura ni kungoja embe chini ya mbuyu. Anayeweza kuifanya kazi hii ni afisa wa kliniki na muuguzi, ambao tayari wapo na ambao huwatibu wagonjwa wa shinikizo la damu kwa dawa za jamii hiyohiyo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Dawa ya kutuliza hununuliwa leo na kazi yake kwisha leo. Dawa ya kinga hudai mfululizo. Ikikatika wiki ya tano, juhudi za mwezi mzima hupotea. Kwa propranololi, kukatika kwa ghafla si hasara tu bali huweza kuwa hatari, hasa kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, kwa maana moyo uliozoea kutulizwa huweza kupiga kwa kasi na shinikizo la damu kupanda. Kwa hiyo zahanati inayoishiwa dawa kila robo ya mwaka haiwezi kuanzisha kinga kwa dhamiri safi.

Tana River ina ugumu wake hapa. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 na ya mwaka 2024 yalikata mawasiliano ya barabara kati ya kaunti hiyo na Garissa, na familia nyingi zikahama makwao. Wafugaji wa Orma na Wardei, kwa upande wao, huhama na mifugo wakati wa kiangazi kuelekea kwenye malisho ya Delta, upande wa Garsen. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa Bura mwezi wa Januari huenda akawa Garsen mwezi wa Machi. Ikiwa rekodi yake imebaki katika daftari la zahanati moja, tiba yake imebaki huko pia.

Tahadhari zisizopaswa kurukwa

Kueneza kinga hakumaanishi kuzigeuza dawa hizi kuwa bidhaa za dukani. Propranololi haimfai mtu mwenye pumu, kwani huweza kumziba pumzi, wala mwenye mapigo ya moyo ya polepole mno. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, huweza kuficha dalili za kushuka kwa sukari. Amitriptilini huleta usingizi, ukavu wa kinywa, kufunga choo na kuongeza uzito. Mwendeshaji wa bodaboda anayeianza anapaswa kuambiwa mapema kwamba huenda akaamka mzito.

Zipo dawa nyingine za kinga ambazo zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Valproati huweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na mwaka 2023 WHO ilisisitiza kwamba wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wasiandikiwe dawa hiyo. Topirameti nayo ina hatari kwa mimba, huweza kupunguza nguvu za baadhi ya dawa za kupanga uzazi, huchangia mawe katika figo na huweza kupunguza jasho. Mahali ambapo joto hupita nyuzi 35 na maji ni ya kubebwa kichwani, tabibu hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kuiandika.

Mwanamke mwenye kipandauso kinachotanguliwa na ishara za macho anapaswa kumweleza hivyo mhudumu wa uzazi wa mpango. Tembe za kupanga uzazi zenye homoni mbili, mojawapo ikiwa estrojeni, hazimfai, kwa kuwa huongeza hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine zilizo salama kwake.

Mwezi wa Ramadhani nao una nafasi yake katika kaunti yenye Waislamu wengi. Kukaa bila chakula na maji, kubadilika kwa saa za kulala na kukosa chai au kahawa ya asubuhi huamsha maumivu kwa watu wengi wenye kipandauso. Kwa mgonjwa aliyeruhusiwa na tabibu kufunga, dawa za kinga zinaweza kupangwa ziende na futari na daku, na mazoea ya chai nzito kupunguzwa taratibu kabla ya mwezi kuandama. Jambo hilo huhitaji mazungumzo ya dakika chache katika mwezi wa Shaabani. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaanzisha.

Aidha, si kila maumivu ni ya kungojea kinga. Kichwa kinachouma ghafla kwa ukali usiowahi kuonekana, maumivu yanayoandamana na homa na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kifafa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kupotea kwa macho, ni dalili za kukimbiziwa hospitalini mara moja. Ndivyo ilivyo pia kwa maumivu yanayoanza baada ya kugongwa kichwani, yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, au yanayompata mama mjamzito aliyevimba au mwenye shinikizo la juu la damu.

Je, ni anasa?

Wapo watakaouliza kama ni busara kuzungumzia kinga ya kipandauso katika kaunti ambayo bado inapambana na utapiamlo, vifo vya wazazi na magonjwa ya mlipuko kama homa ya Bonde la Ufa, iliyosumbua kaskazini mashariki na Pwani mwishoni mwa mwaka 2006 na mapema 2007. Swali hilo ni la haki. Fedha za kaunti si nyingi, na tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013 kila shilingi ina wadai kumi.

Lakini hoja hiyo ina kasoro. Mgonjwa asiyetibiwa ana gharama pia, ila gharama yake haiandikwi katika bajeti. Hulipwa na yeye mwenyewe dukani, shilingi kumi kumi, mwaka mzima. Hulipwa na serikali kwa dawa za malaria zilizotolewa pasipo malaria. Hulipwa hospitalini vidonda vya tumbo vinapoanza kutoa damu au figo zinapochoka. Hulipwa na familia kwa siku ambazo shamba halikupaliliwa na mtoto hakuenda shuleni kwa sababu mama yake alikuwa amelala gizani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa na wale wasio na uwezo.

Tena hakuna anayedai mashine mpya wala jengo jipya. Dawa mbili zinazohitajika ni za kutibu maradhi mengine pia. Kinachodaiwa ni mpangilio.

Yanayowezekana

Hatua ya kwanza ni ya mgonjwa na haina gharama: daftari. Kwa miezi miwili aandike siku alizoumwa, ukali wake, na tembe alizomeza. Asiyejua kuandika aweke alama katika kalenda ya ukutani. Ushahidi huo utamsaidia tabibu kutofautisha aina ya maumivu na kugundua wingi wa dawa.

Hatua ya pili ni ya wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ya kitaifa iliwapa mikoba ya vifaa kuanzia Septemba 2023, zikiwemo mashine za kupimia shinikizo la damu. Mhudumu anayetembelea nyumba anaweza kuuliza kuhusu tembe, kupima shinikizo la damu na mapigo ya moyo ya anayetumia propranololi, na kumkumbusha asiache ghafla. Mhudumu huyo haandiki dawa. Kazi yake ni kuwa jicho la zahanati.

Hatua ya tatu ni ya idara ya afya ya kaunti na ya mamlaka ya ugavi wa dawa, KEMSA. Kama ugavi wa dawa za kinga utaanza, uanze mahali ambapo unaweza kudumishwa, kwa mfano hospitali za Hola, Bura na Ngao, kisha uteremke hadi zahanati. Kabla ya msimu wa mvua, mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi kadhaa, si za wiki mbili. Na kila mgonjwa abebe kadi yake mwenyewe inayoonyesha dawa, kipimo na tarehe, ili aliyeandikiwa Bura ahudumiwe Garsen bila kuanza upya.

Hatua ya nne inahusu fedha. Mamlaka ya bima ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na chini ya mpango huo huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zinapaswa kulipiwa na hazina maalum ya serikali, si na mgonjwa. Maumivu ya kichwa ni huduma ya msingi kwa kila kipimo. Lakini huduma iliyolipiwa isiyo na dawa rafuni humrudisha mgonjwa palepale alipotoka, kwenye kaunta ya duka.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila Mkenya haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Wanasheria wanaweza kubishana kuhusu upeo wa maneno hayo. Kwa kipandauso, hata hivyo, kiwango kinachoweza kufikiwa kinajulikana: kipimo cha malaria kilichoaminiwa, maswali matatu, tembe moja au mbili kwa siku, na uhakika kwamba mwezi ujao zitakuwepo. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo mgonjwa wa Chewele hawezi kujinunulia dukani.